Gama isiyokamilika inakupa majibu ya ajabu? Anzia hapa

Kabla hatujagusa kodi (code ya programu, siyo ya TRA), tukubaliane kwanza tunaongelea kitu gani. Gama ya kawaida, Γ(a), ni intigrali ya t^(a-1)·e^(-t) kuanzia 0 hadi infiniti. Ukiikata pale x unabaki na vipande viwili, cha chini γ(a,x) kutoka 0 hadi x, na cha juu Γ(a,x) kutoka x kwenda mbele, hivyo ndo gama isiyokamilika, ukivijumlisha unarudi kwenye Γ(a) yako nzima. Ukigawanya kila kipande kwa Γ(a) unapata P na Q, na hapo P + Q = 1, hivi ndo vinavyotumika kwenye takwimu. Sasa hivyo vinne ndo mzizi wa fujo karibu zote, maana kila programu imechagua kimoja au viwili ikavipa jina lilelile. Mtu anakuja analia algorithm yake mbovu, ukiangalia algorithm haina shida kabisa, ni yeye aliuliza swali lingine.

Kwa hiyo usianze kufukua fomula. Anza na jaribio moja dogo, a = 3 na x = 2.

Jibu halifanani na la kitabu, au programu mbili zinapingana

Nimechagua 3 na 2 kwa sababu zake. Watu wengi hujaribu na a = 1 au a = 2, na hapo Γ(1) na Γ(2) zote ni 1, kwa hiyo huwezi kujua kama programu imegawanya kwa gama au haijagawanya, unaona namba iko sawa unatulia halafu kesho a ikiwa 7 kila kitu kinakuwa nje mara 720. Kwa a = 3, Γ(3) = 2, kila kosa linaacha alama yake:

0.3233236 ni P(3,2). Upo salama kama P ndo ulitaka.
0.6766764 ni Q(3,2), yaani umepewa mkia wa juu.
0.6466472 ni γ(3,2), kipande cha chini ambacho hakijagawanywa.
1.3533528 ni Γ(3,2), kipande cha juu ambacho hakijagawanywa.
0.8008517 au 0.1991483, hapo umegeuza, umehesabu a = 2 na x = 3.
0.2706706 ni densiti, hujaambiwa jumla yoyote.

Hiyo ya kugeuza ndo inaongoza. SciPy ya Python inaandika gammainc(a, x), MATLAB na Octave zinaandika gammainc(x, a), jina herufi kwa herufi ni lilelile, zote zinatoa P, mpangilio tu ndo tofauti. Ukihamisha kodi kutoka huku kwenda huku bila kugeuza haitalalamika hata kidogo, itakupa namba nzuri kabisa kati ya 0 na 1. Ukitaka Q kwenye SciPy ni gammaincc, c mbili. mpmath, nayo ya Python, ina gammainc ila ukiipa (3, 2) inarudisha 1.3533528, kipande cha juu kizima kizima. Mathematica Gamma[3,2] vilevile, na gsl_sf_gamma_inc ya GSL, laibrari ya C, vilevile. R wao wanakwenda na pgamma(2, 3), x mbele, na Excel ni GAMMA.DIST(2,3,1,TRUE). Ukiweka FALSE pale mwisho ndo unakutana na ile 0.2706706.

Mi naona hili jaribio liwekwe ndani ya kodi kabisa kama testi, mistari miwili tu, lisiwe kitu cha kufanya siku moja na kusahau.

Uwezekano wote unatoka 1, au SPI yote inatoka inf

Hii nimeiona zaidi kwa watu wa mvua. SPI, ile indeksi ya ukame ya McKee na wenzake ya 1993, inachukua mvua ya kituo, inafitisha mgawanyo wa gama wenye umbo α na skeli β, inahesabu P(α, x/β), halafu inageuza huo uwezekano kuwa z ya nomo (mgawanyo wa normal). Simpo. Sasa chukua kituo ambacho mwezi wa masika una wastani wa milimita 120, α imetoka 3 na β imetoka 40, mwaka huu imenyesha 130. Mtu anaandika kwenye R pgamma(130, 3, 40) anapata 1. Akigeuza 1 kuwa z anapata infiniti, na kila mwaka ni infiniti, ukame umeisha nchini!

Shida ni kwamba parameta ya tatu ya pgamma ni reti, siyo skeli. R imezidisha 130 kwa 40 ikapata 5,200 badala ya kugawanya ikapata 3.25. Andika pgamma(130, 3, scale=40) utapata 0.6304, z ni kama 0.33, mvua ya juu kidogo ya kawaida, ndo jibu lenye akili. Excel haina shida hiyo, beta yake ni skeli. SciPy ina mtego wake tena mbaya zaidi, gamma.cdf(130, 3, 40) inachukua ile 40 kama mahali pa kuanzia, yaani inasogeza mgawanyo mzima mbele kwa 40, kwa hiyo lazima uandike scale=40 kwa jina. Sheria yangu ni kwamba parameta ya tatu haiandikwi bila jina, kwenye programu yoyote ile.

Na kama SPI ni nan (yaani "siyo namba") badala ya inf? Angalia miezi ya kiangazi. Dodoma mwezi wa saba mvua ni sifuri mwaka baada ya mwaka, na fomula ya Thom inayotumika kupata α inataka wastani wa logi za mvua, logi ya 0 ni infiniti hasi, ile A ya fomula, yaani logi ya wastani kutoa wastani wa logi, inakuwa infiniti, unaishia kuzidisha sifuri kwa infiniti na kompyuta inakurudishia nan. Dawa ni kutoa masifuri pembeni kabla ya kufitisha, unahesabu sehemu ya miaka yenye sifuri iite q, unafitisha gama kwa iliyobaki, halafu uwezekano kamili ni q + (1 − q)·P. Ila kwa miezi ambayo karibu yote ni sifuri mi nisingetoa SPI kabisa, unafitisha gama kwa namba tatu nne halafu unamwambia nani nini?

p-value ya kai-skwea iko sawa digrii zikiwa shufwa, ikiwa witiri inakosea

Fupi. p-value ni Q(k/2, x/2) ambapo k ni digrii za uhuru na x ni kai-skwea uliyoipata. Kwenye C au Java ukiandika k/2 na k ni namba kamili, 3/2 inakuwa 1. Kwa k = 3 na x = 7.815 inapaswa itoke 0.05, we unapata 0.0201. Andika k/2.0, imeisha.

Q inatoka sifuri kavu, na najua siyo sifuri

Uliandika 1 − P. Kila mtu anaandika 1 − P.

Namba za dabo (double, namba za desimali za kawaida kwenye kompyuta) zina tarakimu 16 hivi. Chukua a = 1, ambapo Q ni e^(-x) tu, na x = 40. Jibu la kweli ni 4.25 × 10^(-18). Lakini P ni 1 kutoa hicho kitu kidogo, na dabo haiwezi kuitofautisha na 1, kwa hiyo 1 − P ni 0. Hata kabla ya kufika huko, pale Q ni kama 10^(-10), ulishapoteza tarakimu kumi na umebaki na sita, na hakuna alamu yoyote inayolia. Omba Q moja kwa moja, gammaincc, au lower.tail=FALSE kwenye R, au 'upper' kwenye MATLAB. Na ukienda mbali zaidi, tuseme x = 800, hata Q yenyewe inazama, e^(-800) haiingii kwenye dabo maana mwisho wake ni karibu 4.9 × 10^(-324). Hapo unafanya kazi na logi tangu mwanzo: pgamma(800, 1, lower.tail=FALSE, log.p=TRUE) inakurudishia −800 bila kutoka jasho.

Kinyume chake pia kipo, P ndogo sana ukiipata kwa 1 − Q. Kanuni ni ileile, hesabu kipande kidogo kwanza, kikubwa ndo kipatikane kwa kutoa.

Nimeandika mfululizo mwenyewe, x ndogo safi, x kubwa takataka

Hapa nauliza umetumia mfululizo gani, maana kuna miwili na mmoja ni mtego. Ule unaotoka haraka ukipanua e^(-t) una alama zinazopishana, plasi mainasi plasi mainasi, jumla ya (−1)^n · x^(a+n) / (n!·(a+n)). Kwenye karatasi ni sahihi kabisa. Kwenye kompyuta, kwa a = 1 na x = 40, maneno ya katikati yanafika 1.5 × 10^16 wakati jibu la mwisho ni 1. Unajumlisha milima na mabonde ya 10^16 ukitegemea ibaki 1, na kosa la kuraundi la neno moja tu lile kubwa linalingana na jibu lenyewe. Kwa x = 30 bado utaona kitu kinachofanana na 1, sahihi kwa tarakimu nne hivi, na ndo hatari yake, inaharibika polepole.

Tumia huu mwingine: anza na neno 1/a, kila hatua zidisha kwa x/(a+n), jumlisha, mwisho zidisha yote kwa x^a·e^(-x). Maneno yote ni chanya, hakuna kinachokula kingine. Kwa a = 3, x = 2 inakwenda hivi: 0.333333, 0.166667, 0.066667, 0.022222, 0.006349, 0.001587, 0.000353... jumla inatulia 0.597264, mara 8·e^(-2) ambayo ni 1.082682, unapata 0.646647. Linganisha na orodha ya juu, ni γ(3,2) yenyewe.

Huo ni mzuri x ikiwa chini ya a + 1. Juu ya hapo unahamia kwenye sehemu ndani ya sehemu (continued fraction), ile inayoanza x + 1 − a, chini yake x + 3 − a, chini yake x + 5 − a, na hiyo inakupa kipande cha juu moja kwa moja, ndo raha yake, mkia unaupata bila kutoa chochote. Ihesabu kwa njia ya Lentz, kutoka juu kushuka, na ukikutana na sifuri pale unapogawanyia unaiwekea kitu kidogo sana kama 10^(-30) unaendelea. Kama sehemu yako inakataa kutulia, mara nyingi umeitumia kwa x ndogo kuliko a.

a ikipita 171 napata inf au nan

Γ(171) ni kama 7.26 × 10^306, bado inaingia. Γ(172) haiingii, dabo inaishia 1.8 × 10^308. Na x^a ya juu inafurika pia, infiniti kugawanya kwa infiniti ni nan. Usihesabu Γ(a) peke yake kamwe, unganisha vyote kwenye logi: exp(a·ln x − x − lgamma(a)), lgamma ni logi ya Γ(a). Watu wengi wanaishia hapa na kwa a ya kawaida inatosha.

Ila a ikiwa kubwa mno dawa yenyewe inakuwa ugonjwa. Kwa a = 10^10 na x karibu nayo, a·ln x ni kama 2.3 × 10^11, na dabo kwenye ukubwa huo inaruka kwa hatua za 0.00003. Unatoa hizo namba kubwa unabaki na kitu kidogo, halafu unakipeleka kwenye exp, kosa lile la 0.00003 linakuwa kosa la jibu lako, tarakimu tano basi. Suluhisho ni kuandika x = a(1 + μ), na kile kizidisho chote kinakuwa √(a/2π)·exp(a·(ln(1+μ) − μ)) ukigawanya na kirekebishi cha Stirling (yule wa makadirio ya gama) ambacho kwa a kubwa ni karibu 1. Hiyo ln(1+μ) − μ nayo usiipate kwa kutoa moja kwa moja, μ ikiwa ndogo tumia mfululizo wake unaoanza −μ²/2, la sivyo umehamisha tatizo tu chumba cha pili.

Inagoma na ujumbe kwamba mizunguko imeisha

Kodi nyingi za zamani zinazokopiwa zina kikomo cha mizunguko 100. Pale x ilipo karibu na a, mfululizo unahitaji mizunguko kama mara 8 au 9 ya mzizi wa a ili ufike usahihi wa dabo, kwa hiyo 100 inaisha a ikiwa mia na kitu tu. Kwa a = 10^6 ni zaidi ya elfu nane, kwa 10^8 ni themanini na kitu elfu. Kuongeza kikomo kunafanya kazi ila ni suluhisho la kinyonge kama unaita funksheni mara milioni.

Kazi nzuri hapa ilifanywa na Temme, 1979, na ndo laibrari kubwa zinategemea. Kwa a kubwa Q inafanana sana na mkia wa nomo: ½·erfc(η·√(a/2)) na marekebisho kidogo, erfc ni funksheni ya huo mkia, ambapo η²/2 = μ − ln(1+μ), na η inachukua alama ya μ. Kadiri a inavyokuwa kubwa ndo inavyokuwa rahisi, kinyume kabisa na mfululizo. Na inakupa testi ya bure: P(a,a) ni karibu ½ + 1/(3√(2πa)). Kwa a = 100 ni 0.5133. Hata kwa a = 1 inatoa 0.633 wakati ukweli ni 0.632, sijui nani alitegemea hivyo. Kama kodi yako inatoa P(a,a) chini ya nusu, simama hapo.

a ndogo sana, Q inapoteza tarakimu ingawa sijaandika 1 − P

Umeandika, ila imejificha. Ile sheria ya x chini ya a + 1 inakupeleka kwenye mfululizo wa P, halafu ndani kodi inatoa 1 − P kukupa Q. Kwa a = 10^(-10), x = 0.1, Q ni karibu a mara E1(0.1), yaani 1.82 × 10^(-10) (E1(x) ni intigrali ya e^(-t)/t kuanzia x hadi infiniti), na P imejaa pomoni karibu na 1. Tarakimu kumi zimekwenda. Hapo unatakiwa uhesabu Γ(a,x) kama (Γ(a+1) − 1)/a kutoa (x^a − 1)/a, kutoa x^a mara jumla ya (−x)^n/((a+n)·n!) kuanzia n = 1, na hizo tofauti mbili za mwanzo zinahesabiwa kwa expm1 (inayotoa e^y − 1 bila kupoteza tarakimu) na wenzake, siyo kwa kutoa kawaida. Ndiyo, ni ule mfululizo wa alama zinazopishana niliousema vibaya, kwa x ndogo hauna tatizo.

a hasi inatoa nan

Kwenye SciPy ndivyo ilivyo, haitaki a hasi, na siyo bagi maana P na Q hazina maana ya uwezekano huko. Ila Γ(a,x) yenyewe ipo kwa a yoyote ilimradi x ni chanya, na watu wa astronomia wanaihitaji kila siku, ile funksheni ya mng'ao ya Schechter ya 1976 yenye α = −1.25 ukihesabu galaksi unapata Γ(−0.25, x). Shuka ngazi moja moja: Γ(a,x) = (Γ(a+1,x) − x^a·e^(-x))/a. Mfano Γ(−½, 1): Γ(½, 1) ni √π·erfc(1) = 0.278806, toa e^(-1) ambayo ni 0.367879, gawanya kwa −½, unapata 0.178148. Ikifika a = 0 usigawanye kwa sifuri, Γ(0,x) ni E1(x), kwa x = 1 ni 0.219384, anzia hapo ukishuka. Kwa x kubwa huku kutoa kunakula tarakimu, hapo rudi kwenye sehemu ndani ya sehemu, yenyewe inakubali a hasi bila tatizo. GSL na mpmath wanafanya yote hayo wenyewe.

Kinyume chake, natafuta x kutoka p, Newton inakimbia

Newton, ile njia ya kukisia x na kuirekebisha hatua kwa hatua, inarukia x hasi kwa sababu umeianzisha mbali. Kwa a ya wastani anza na Wilson na Hilferty wa 1931: x ≈ a·(1 − 1/(9a) + z/(3√a))^3, z ni ya nomo kwa p yako, mizunguko mitatu minne inatosha. Kama p iko karibu na 1, peleka q, yaani uwezekano wa mkia wa juu, usipeleke p. Kwa a ndogo anza na (p·Γ(a+1))^(1/a), na usishtuke ukiona 0: a = 0.0005 na p = 0.5 inatoa e^(-1387) hivi, dabo haina pa kuiweka. Hapo 0 ndo jibu, siyo hitilafu, na kama unahitaji zaidi ya 0 basi omba ln x.